Mbolea ya ruzuku Malindi: shughulikia laini kabla ya masika

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa shilingi 2,500 tangu 2023. Wengi wanaoukosa huku kwetu si kwamba ghala limekauka. Ni simu. Basi yafuatayo yafanye Januari au Februari, mvua ikishaanza foleni haishikiki.

Hatua ya 1: Kujisajili

Nenda kwa chifu au naibu wake na kitambulisho na simu. Utaingizwa katika KIAMIS, daftari la serikali la wakulima. Ekari usibahatishe, kwani mifuko hupigiwa hesabu kutokana nazo. Mita 64 kwa 64 ni ekari moja na kidogo tu. Mwenye vipande vitatu Marafa na kimoja Mambrui ajumlishe vyote.

Hatua ya 2: Laini

Vocha, yaani ruhusa ya kununua kwa bei ya ruzuku, huja kwa meseji, kwenye namba ile uliyoitoa siku ya kusajiliwa. Ndipo mambo yanapoharibika.

Kwanza, laini iwe ya kitambulisho chako. Kina mama wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au la kijana aliyewanunulia simu. Meseji itaingia, lakini ghalani jina la malipo litapishana na la vocha na maswali yataanza. Kama ni Safaricom, piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Yako haimo? Nenda dukani kwao na mwenye jina, mbadilishe.

Pili, namba ya zamani. Laini iliyokaa miezi bila kutumika huzimwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na vocha yako inamfuata huyo. Kupotea simu si tatizo: rudisha namba ileile kwa kadi mpya. Tatizo ni kununua laini nyingine na kunyamaza. Ukibadilisha namba, rudi kwa aliyekusajili au kwa afisa wa kilimo wa wadi, airekebishe ndani ya mfumo. Usikubali "nimeshaandika" ya kwenye karatasi. Mwambie akusomee tarakimu moja moja kutoka kwenye skrini, na namba ya kitambulisho pia. Tarakimu moja ikikosewa, umesajiliwa kama mtu asiyekuwepo.

Tatu, usitoe namba ya mtoto aliye Mombasa eti ana simu kubwa. Kabambe inatosha, na ni bora: chaji inakaa, na meseji haipotei katikati ya matangazo. Ila futa meseji za zamani, sanduku likijaa mpya haiingii.

PIN ya M-Pesa haihusiki popote katika usajili. Anayeiuliza ni mwizi, hata akija na mzee wa mtaa.

Hatua ya 3: Kuchukua

Beba kitambulisho chenyewe, si kopi, na simu yenye vocha. Unalipa kwa M-Pesa palepale ghalani. Dalali wa kukulipia humhitaji. Kwa mfuko mmoja nauli inaweza kumeza faida yote, kwa hiyo ungana na majirani mkodi pikapu, kila mmoja na vocha yake.

Hatua ya 4: Kukagua

Mwaka 2024 mbolea bandia ilipatikana ndani ya mpango huuhuu, basi usione haya kukagua. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango, na mshono wa mdomo uwe wa kiwandani. Yuria ina kipimo chepesi: kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji, koroga. Ya kweli huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. Mchanga ukibaki chini, rudisha mfuko. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, usiipime hivi, kwani ina chokaa na masalio ni kawaida yake.

Kwa mchanga wetu mimi huchagua CAN kukuzia. Yuria ikiachwa juu ya udongo wenye joto, naitrojeni hupaa. Mifuko ipange juu ya mbao, si juu ya saruji, ifunike kwa nailoni. Upepo wa bahari huigandisha CAN kuwa jiwe.