Kuomba kitambulisho cha serikali wakati huna hata kimoja chenye picha

Wengi wanakwama hapa manake inaonekana ni mzunguko usioisha, unaenda kuomba kitambulisho unaambiwa lete kitambulisho. Ila afisa wa pale dirishani hana shida na picha yako, picha atakupiga mwenyewe, anachotaka ni kujiridhisha kwamba wewe uliesimama mbele yake ndo yule aliezaliwa tarehe fulani kwa wazazi fulani. Kwaiyo anza na cheti cha kuzaliwa, hicho kwa kawaida hakina picha na ndo kinafungua vingine vyote.

Kama ulisajiliwa ila cheti kimepotea, omba nakala kwenye ofisi ya usajili wa vizazi. Na wao wakikudai kitambulisho usigeuze, uliza kama mzazi alieandikwa kwenye hicho cheti anaweza kukuombea kwa kitambulisho chake au kama wanapokea kiapo, majimbo mengi ya Marekani kwa mfano yana utaratibu wa hivyo.

Hukusajiliwa kabisa? Basi ni usajili wa kuchelewa, na hapa ndo jasho linatoka. Fukua makaratasi ya zamani, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya darasa la kwanza (shule ikiwepo bado nenda kaombe barua yenye mhuri). Kadi ya kliniki iliyochakaa mpaka kona zimeliwa ina nguvu kuliko barua ya juzi yenye mihuri mitatu, sababu iliandikwa kabla hujawa na shida ya kitambulisho, hakuna atakaesema umeitengeneza. Usiifanyie laminesheni alafu usiguse kitu na kalamu hata kama wamekosea herufi moja tu.

Majina sasa. Tandaza kila ulichonacho mezani usome herufi kwa herufi, maana utakuta kliniki wameandika Mohamed, shule Mohammed, kwingine jina la babu limeruka likakaa katikati, na tarehe ya kuzaliwa huku ni 1 Januari sababu mtu alikadiria tu. Hayo yamalize kabla hujapanga foleni. Unaenda kwa wakili au mahakamani unaapa kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na kiapo kiyataje yote jinsi yalivyoandikwa, kikisahau moja utarudishwa kwa hilo hilo.

Nchi nyingi pia zinakubali mtu mwingine akuthibitishe. India kwenye Aadhaar (namba yao ya utambulisho wa taifa) mkuu wa familia anaweza kukutolea ushahidi, Uingereza anaesaini kuthibitisha maombi ya pasipoti lazima awe anakufahamu miaka 2 au zaidi na asiwe ndugu. Kwaiyo uliza kwanza wanamtaka nani, ndugu au asie ndugu, alafu hakikisha huyo shahidi ana kitambulisho ambacho hakijaisha muda. Wale wanaozurura nje ya ofisi wakijitolea kuwa shahidi wako kwa hela kidogo achana nao jamani, kiapo cha uongo ni kosa la jinai na wewe ndo jina lako liko kwenye fomu.

Siku ya kwenda beba orijino na fotokopi. Kama unamsindikiza mzee au mtu wa kazi za mikono, vidole vilivyosuguliwa na jembe au sementi mashine huwa inashindwa kuvisoma, anawe mikono, apake mafuta kidogo afute, na ikigoma waombe wajaribu vidole vingine au watumie utaratibu wao wa watu wasiosomeka.

Wakikukataa usiondoke na neno "haijakamilika" tupu. Omba waandike ni karatasi gani imepungua, na kama kuna rufaa inapelekwa wapi. Wakikupokea, ile risiti yenye namba ya maombi ipige picha hapo hapo kabla hujaikunja, alafu uliza kama unaweza kuitumia popote wakati unasubiri kadi.