Kupima kasi ya peleti za bastola ya upepo kwa kronografu

Bastola ya upepo ya mashindano ya mita 10 hurusha peleti ya milimita 4.5 kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde. Kasi hiyo haimpi mtu alama. Peleti huchukua takriban sekunde 0.07 kufika kwenye shabaha, na katika muda huo hushuka kama milimita 24. Kasi ikipungua kwa mita 1 kwa sekunde, itagonga chini zaidi kwa theluthi moja tu ya milimita, ilhali duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa hiyo usitafute namba kubwa. Kronografu ni ya kukuonyesha kama bastola ni nzima: sili (vizuizi vya kuzuia hewa isivuje) zinashika, regulata (kidhibiti kinachoweka sawa shinikizo la hewa kutoka tangini) imetulia, springi haijachoka.

Kabla ya yote, bastola iwe na kibali kinachotakiwa na sheria za nchi yako. Vaa miwani ya kinga, na usiweke chuma kigumu nyuma ya kifaa, kwa maana peleti hurudi. Sanduku la mbao lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa linatosha kuidaka. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, kwani peleti nyingi ni za madini ya risasi.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kronografu ya kawaida ina vihisi viwili vya mwanga, mara nyingi vimeachana kwa sentimita 30. Peleti ikipita juu ya cha kwanza, kivuli chake huwasha saa. Ikipita juu ya cha pili, saa husimama. Kwa mita 150 kwa sekunde, safari hiyo huchukua milisekunde 2. Kasi ni umbali kugawa kwa muda, na umbali huo kifaa hakiupimi: kinaamini tu kwamba ni sentimita 30 kamili. Ndiyo maana kronografu ya kukunja isiyofunguliwa hadi mwisho hutoa kasi ya uongo iliyo juu. Kasoro ya milimita 1 tu hubadilisha jibu kwa karibu nusu mita kwa sekunde.

Aina nyingine ni ya handaki, yenye taa zake za infraredi ndani. Hii ndiyo ninayompendekezea anayepimia nyumbani au ukumbini, kwa sababu haitegemei mwanga wa chumba. Rada nazo huwekwa kando ya mtutu na hazina cha kupigwa kwa bahati mbaya, lakini peleti ni ndogo, hivyo chagua mpangilio wa silaha za upepo kwenye menyu. Rada inayoamshwa na mlio inaweza isiisikie kabisa bastola ya upepo isipofungiwa maikrofoni karibu na mtutu.

Kuipanga

Weka kronografu juu ya stendi imara ya miguu mitatu na uisawazishe kwa pima maji. Mdomo wa mtutu uwe mita 1 kutoka kihisi cha kwanza. Ukisogea karibu zaidi, upepo unaotoka nyuma ya peleti unaweza kuwasha saa kabla ya wakati wake. Bastola za gesi ya CO2 ndizo zenye tatizo hili zaidi, maana hutoa wingu jeupe ambalo kihisi hulichukulia kuwa kitu kinachopita. Ukisogea mbali zaidi, utakuwa unapima kasi iliyokwisha kupungua, kwani peleti ya kichwa bapa hupoteza karibu mita 1 hadi 2 kwa sekunde katika kila mita inayosafiri. Umbali wowote utakaochagua, uandike na usiubadilishe.

Peleti ipite sentimita 10 hadi 15 juu ya vihisi, sambamba na kifaa. Ikipita kwa mshazari wa nyuzi 5, njia yake hurefuka kwa asilimia 0.4, na mita 150 zitasomeka kama 149.4. Si nyingi, lakini inatosha kukufanya ulaumu regulata isiyo na kosa.

Jambo linalovunja kronografu nyingi ni hili: jicho linatazama kupitia kilengeo kilicho sentimita kadhaa juu ya mtutu. Unaona njia nyeupe kabisa mbele ya kilengeo, kumbe mtutu wenyewe unatazama ukingo wa kifaa. Bastola ikiwa tupu, iegemeze kwenye kifuko cha mchanga, kisha nyosha uzi kutoka mdomo wa mtutu hadi kwenye sanduku la kudakia. Uzi ukipita katikati ya dirisha la vihisi, gundisha kipande cha karatasi pale unapoishia, na hicho ndicho utakachokilenga. Ondoa uzi kabla ya kupakia.

Mwanga

Vipimo vingi vya ajabu hutokana na mwanga. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo tyubu laiti hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kihisi huona kila mpepeso kama kivuli. Taa nyingi za LED za bei nafuu zina tabia hiyohiyo. Dalili zake ni kifaa kuandika kasi kabla hujafyatua, au kuruka kutoka 149 hadi 210 kisha 97. Zima taa hizo, utumie balbu ya zamani ya waya unaowaka au taa ya LED inayotumia betri, ikimulika karatasi nyeupe iliyotandwa juu ya vihisi.

Nje, mwanga bora ni wa siku ya mawingu. Jua la utosini, ambalo karibu na ikweta tunalo mwaka mzima, huangaza vihisi moja kwa moja na kung'aa kwenye mgongo wa peleti. Funga vile vipaa vyeupe vilivyokuja na kifaa. Asubuhi na jioni jua la chini humulika tumbo la peleti, na kivuli hufifia hadi kihisi kisione kitu. Hapo kigeuze kifaa, au kiweke kwenye kivuli cha ukuta chenye mwanga sawa kote.

Kupiga na kuandika

Pima uzito wa peleti kwanza. Usitegemee namba ya kwenye kopo peke yake. Weka peleti 20 kwa pamoja kwenye mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kisha gawa kwa 20. Peleti moja moja, kosa dogo la mizani hiyo tayari ni karibu asilimia 2 ya nishati. Tumia kopo lilelile kwa kipimo chote. Peleti ya gramu 0.45 itakimbia kuliko ya gramu 0.53 katika bastola ileile, na hilo si ishara ya afya wala ugonjwa.

Piga 5 za kupasha bila kuandika, kisha 10 za kuandika, kwa nafasi sawa kati ya mpigo na mpigo. Mfano wa matokeo mazuri: 148.6, 149.2, 148.9, 150.1, 149.5, 148.8, 149.9, 149.3, 149.0, 149.7. Wastani ni 149.3. Tofauti ya juu na chini ni 1.5, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni karibu 0.5. Nishati ni nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena: 0.5 × 0.00053 × 149.3 × 149.3, yaani jouli 5.9. Kifaa kikiwa kinasoma kwa futi, zidisha kwa 0.3048, futi 490 ni mita 149.4.

Hesabu ya nishati ina uzito wa kisheria katika baadhi ya nchi. Ujerumani kikomo cha silaha ya upepo isiyohitaji leseni ni jouli 7.5. Uingereza bastola ya upepo inayozidi paundi-futi 6, karibu jouli 8.1, ni silaha iliyopigwa marufuku.

Kipimo cha ajabu usikifute kimyakimya. Kiandike na alama ya kosa pembeni, kisha tafuta chanzo. Kosa la kifaa huruka ovyo. Kosa la bastola kwa kawaida hufuata mwelekeo, ama kushuka taratibu ama kupanda.

Namba zinasema nini

Kwa bastola ya hewa iliyojazwa kwenye tangi, piga mfululizo kuanzia tangi limejaa, kwa mfano bar 200, hadi kasi ianguke. Mstari unapaswa kuwa bapa muda mrefu, kisha uanguke pale shinikizo la tangi linaposhuka chini ya lile la regulata. Soma geji pale ulipoanza kuanguka: hapo ndipo pa kujazia siku zote. Mpigo wa kwanza baada ya bastola kulala usiku ukiwa juu kwa mita kadhaa, na unaofuata ukarudi kawaida, regulata inavuja polepole kuelekea upande wa valvu na sili yake inahitaji kubadilishwa.

Ya CO2 hutawaliwa na joto. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi gesi hiyo ina shinikizo la karibu bar 57. Kwa nyuzi 30, karibu 72. Mchana wa joto wa Mombasa na asubuhi ya baridi ya Limuru ni kama bastola mbili tofauti, kwa hiyo kipimo kisichoandikiwa joto hakina maana. Kila mpigo pia hupoza kichupa. Subiri angalau sekunde 30, la sivyo utaona kasi ikishuka na kudhani gesi imekwisha.

Ya kupampu mara moja huvuta hewa iliyopo mahali ulipo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo bastola nzima kabisa itasoma chini huko kuliko Dar es Salaam. Usibadilishe sili kwa sababu hiyo. Muda kati ya kupampu na kufyatua nao uwe uleule: hewa iliyobanwa ni moto, na kadiri inavyopoa shinikizo hushuka na kasi pia.

Ya springi, baada ya kutiwa mafuta, huweza kuunguza mafuta hayo ndani ya silinda. Kasi hupanda na kutawanyika, pana harufu ya kuungua na pengine moshi. Piga peleti 20 hivi hadi itulie ndipo uanze kuandika. Baada ya hapo, kasi ikishuka huku tofauti ya juu na chini ikibaki ndogo, angalia springi. Kasi ikishuka na tofauti hiyo ikaongezeka pamoja, anza na sili ya pistoni, na sili ya mtutu uijaribu kwa uzi mwembamba wa pamba uliowekwa juu ya kiungo wakati wa kufyatua: ukipeperuka, hewa inatokea hapo.

Ukiazima kronografu ya mwenzako na namba zikatofautiana na za kwako, zipange zote mbili kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, upige peleti 10 zipite kwenye zote. Toa upungufu wa mita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila mita inayozitenganisha. Tofauti inayobaki ni ya vifaa. Iandike kwenye kifuniko cha kifaa chako, na linganisha vipimo vyako vya baadaye na vya kifaa hichohicho.