Namna ya Kuhamia Mfumo Endeshi Mpya Bila Kupoteza Programu ya Zamani

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye maghala ya nafaka Kibaigwa na maduka ya pembejeo hapa Dodoma mjini wana sababu ya kuhama. Lakini ikiwa hesabu zako zimo katika programu ya miaka ya tisini, usiguse chochote kabla ya kujua programu hiyo ni ya biti ngapi, yaani kipimo cha data ambayo imeundwa kushughulikia kwa mara moja.

Ifungue kwenye kompyuta ya zamani, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukiona jina ntvdm.exe katika orodha ya programu zinazoendeshwa, programu yako ni ya DOS (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft) au ya biti 16. Windows ya biti 64 huzipokea programu za biti 32 kupitia tabaka maalumu, ila za biti 16 haiziendeshi kabisa, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32.

Hatua ya pili ni printa, na hapa ndipo wengi hukwama. Nilipohamisha hesabu za duka moja, programu ilifunguka vizuri, lakini stakabadhi hazikutoka, kwa sababu draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kutumia kifaa kama printa) ya biti 32 haiingii katika Windows ya biti 64. Programu za kawaida hukaa nje ya kiini cha mfumo, yaani sehemu ya katikati inayosimamia vifaa vya kompyuta, ilhali draiva nyingi hufanya kazi ndani yake. Linux, mfumo endeshi mwingine, inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: mwanzilishi wake, Linus Torvalds, hukataa badiliko lolote la kiini linalovunja programu za watumiaji, lakini moduli za ndani, yaani vipande vya programu vinavyoingizwa katika kiini, zikiwemo draiva, hazina ahadi hiyo, hivyo draiva iliyotunzwa nje ya kiini huenda ikahitaji kurekebishwa toleo jipya linapokuja. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ni wa haki, kwani mfumo unaoahidi kutobadili hata sehemu zake za ndani hauwezi kutengenezwa upya. Kwa hiyo tafuta draiva mpya ya printa kabla ya kuhama.

Programu ya biti 16 iwekee mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta mpya) yenye Windows ya zamani uliyo na leseni yake, uizimie intaneti, na uhifadhi nakala yake kwenye diski ya nje. Kisha toa kumbukumbu za stoo katika faili za maandishi ya kawaida, ulinganishe jumla za magunia pande zote mbili, na kompyuta ya zamani uiache mezani mpaka zilingane.