Ubuntu imepotea baada ya Windows kujisasisha? Usipige Windows upya

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Ujiji aliniletea laptopu hapa Mwanga, Kigoma, imeviringishwa kwenye kitenge. "Mwanangu, Ubuntu imekufa. Nipigie Windows upya, yaishe." Nikamwambia, mwalimu, haijafa. Windows ilijisasisha, ikakaa mbele kwenye zamu ya kuwaka, ile menyu ya GRUB ya kuchagua mfumo haionekani tena. Ukikimbilia kupiga upya unafuta mitihani yako bure.

Hatua ya 1. Zima Windows izimike kweli. Fungua Command Prompt (lile dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha zima. Usipofanya hivyo, Windows inalala tu, na Ubuntu (ni aina ya Linux) itagoma kuandika kwenye patisheni za Windows, yaani vipande vyake vya diski. Kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows, chukua kabisa ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi. Ukigusa baiosi (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka), huenda Windows ikaudai.

Hatua ya 2. Ingia baiosi (HP ni F10, Dell ni F2), weka ubuntu juu ya Windows Boot Manager, hifadhi. Kazi nyingi zinazonifikia huishia hapa. Ya mwalimu haikuishia: jina la ubuntu halikuwepo kabisa.

Hatua ya 3. Tafuta flashi yenye Ubuntu. Mimi natumia Ventoy, programu ya kuandaa flashi, kwa sababu faili la ISO (Ubuntu nzima ndani ya faili moja) unalinakili tu kama wimbo. Kama bando ni dogo, omba ISO kwa fundi jirani.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoachwa hoi mwaka nilipoanza kazi hii, tangu mchana mpaka adhana ya magharibi. Ukifungua menyu ya kuchagua cha kuwashia (F12 kwa Dell, F9 kwa HP), flashi hiyohiyo moja inaweza kuonekana mara mbili: mstari mmoja una neno UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine), mwingine hauna. Mimi nilichagua ule usio na neno. Ubuntu ikawaka vizuri, nikaandika amri zote, mwisho ikaniambia "Installation finished. No error reported." Nikawasha upya: Windows. Nikarudia: Windows. Mara ya tano ndipo nikausoma mstari wa juu yake, "EFI variables cannot be set on this system". Maana yake GRUB iliingia kwenye diski, lakini baiosi haikupewa taarifa, kwa kuwa flashi iliwaka kwa njia ya kizamani.

Kwa hiyo ukishawasha Ubuntu ya kwenye flashi, fungua Terminal, na kabla ya amri yoyote, andika:

`ls /sys/firmware/efi`

Ikileta majina ya mafaili, endelea. Ikisema haipo, zima, rudi uchague mstari wenye UEFI. Usijaribu bahati. Kama mstari huo haupo, ingia baiosi uzime Legacy au CSM, ndiyo hiyo njia ya kizamani. (Haya ni ya mashine ambayo Windows yake iliwekwa kwa UEFI. Laptopu kuukuu za MBR, mpangilio wa zamani wa diski, zina mambo yake.)

Hatua ya 5. `lsblk -f` itakuonyesha patisheni. Ya Ubuntu ni ext4, ya EFI (ya kuwashia) ni ndogo, vfat. Kwa mwalimu zilikuwa sda5 na sda1, weka zako:

`sudo mount /dev/sda5 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for i in /dev /proc /sys /run; do sudo mount --rbind $i /mnt$i; done`
`sudo chroot /mnt`
`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu`
`update-grub`

Ipo programu ya Boot-Repair inayofanya haya kwa kubofya. Siipendi: inataka intaneti, na ikikosea hujui imegusa nini.

Windows isipotokea kwenye menyu, ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha rudia `update-grub`.

Hatua ya 6. Saa. Mwalimu alirudi kesho yake: "Ubuntu inasema saa nne asubuhi, Windows inasema saa moja." Linux huhifadhi saa ya UTC (saa ya dunia) kwenye mashine, Windows huidhania ni ya hapa, ndiyo maana zinapishana masaa matatu. Ukiwa ndani ya Ubuntu:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Itakuonya kwa maneno makali. Iache ionye, kisha ingia Windows urekebishe saa mara moja.