Kukusanya na kujalidi riwaya za kutisha ukiwa Moshi

Riwaya yangu ya kwanza ya kutisha niliipandisha Kilimanjaro bila kujua. Ilikuwa ndani ya begi la mgeni, enzi zile nikiwa mpagazi, na alipoimaliza usiku wa baridi kali pale kambi ya Barafu akaniachia. Jalada laini, mgongo umepasuka, kurasa za mwisho zinaning'inia. Leo mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima, na rafu yangu hapa Pasua, Moshi, ina riwaya sitini na nne za mizimu, maiti na nyumba zenye mambo. Tisa kati yake ni matoleo ya idadi maalumu. Vijana wa kazini huniuliza nimezipataje, na namna ninavyofanya ni hii.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Lipo toleo ambalo mchapishaji mwenyewe ametangaza kwamba atachapa nakala kadhaa tu basi. Halafu kipo kitabu cha kawaida ambacho wewe umekivisha jalada jipya. Hilo la kwanza unalinunua na hulisogezei gundi hata siku moja. Cha pili ndicho cha kupelekea mkono.

Ukishika toleo maalumu, tafuta ukurasa wa idadi, mwanzoni au mwishoni mwa kitabu. Pameandikwa zimetoka nakala ngapi, yako ni ya ngapi, na mara nyingi pana sahihi ya mwandishi. Nakala za namba huwa mamia. Za herufi kwa kawaida ni 26, A mpaka Z, na ndizo zinazopewa jalada la fahari na kasha lake. Wakusanyaji hawaachi kuitaja Firestarter ya Stephen King: mwaka 1980 Phantasia Press ya Marekani ilitoa nakala 725 za namba, na zile 26 za herufi ikazivisha kitambaa cha asbesto kilichopakwa alumini, maana hadithi yenyewe inamhusu mtoto anayewasha moto kwa nguvu za akili. Kitabu cha moto kimevikwa nguo isiyoungua! Niliposoma habari hiyo ndipo nilipoelewa jalada linaweza kufanya nini.

Kwenye sahihi uwe macho. Niliwahi kulipa fedha ya safari mbili za mlimani kwa nakala niliyoambiwa imetiwa sahihi. Ilipofika nikaiweka chini ya lenzi, nikaona nukta nukta za mashine. Wino wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi, mstari hunenepa pale mkono uliposita, na ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga utaona pale kalamu ilipobonyea. Siku hizi silipi kabla sijatumiwa picha ya sahihi kwa karibu, ukurasa wa idadi, pembe zote za jalada na kasha. Muuzaji anayekasirika kwa kuombwa picha, achana naye. Ujue pia kwamba sahihi iliyo kwenye kibandiko kilichobandikwa baadaye haina thamani sawa na ile iliyo kwenye ukurasa ulioshonwa pamoja na kitabu.

Kuhusu usafiri, omba kitabu kizungushiwe plastiki, kiwekwe boksi ndani ya boksi, na nafasi ya katikati ijazwe karatasi zilizofinyangwa. Pembe ndizo huumia kwanza. Mimi huwaomba wageni wangu waniletee kwenye begi la mkononi, na hakuna aliyewahi kukataa.

Sasa kujalidi, yaani kukivisha kitabu jalada jipya. Chagua kitabu ambacho jalada limechoka lakini kurasa zote zipo. Mimi hutumia riwaya za Kiswahili za miaka ya themanini ninazozipata kwa wauza vitabu vya mtumba. Jalada la zamani usilitupe. Ile picha ya mzimu iliyochorwa kwa mkono na bei ya shilingi za wakati ule hutaipata tena kokote, kwa hiyo irudishe ndani, mara baada ya karatasi ya mwanzo. Fundi wa steshenari atataka kuzipitisha kingo kwenye mashine ili zilingane. Mkatalie. Kila anachokata ni kitabu kinachoondoka.

Kabla ya kukata kadi au karatasi yoyote, ikunje nusu bila kuibana, uisikilize kwa viganja. Ikikubali kirahisi, nyuzi zake zinakwenda sambamba na mkunjo. Izungushe ujaribu upande mwingine, utaona inagoma. Nyuzi za vipande vyote lazima zifuate mgongo wa kitabu kwa urefu. Ukikosea hapo, jalada litajikunja kama bati juani, na hakuna uzito utakaolinyoosha.

Kurasa zilizokuwa zimegundishwa tu, zisafishe gundi kuukuu, zipange, zibane kati ya mbao mbili mgongo ukitazama juu. Zilaze upande mmoja kama karata zilizotandazwa, upake gundi nyeupe ya mbao, kisha zilaze upande wa pili upake tena. Hivyo kila ukurasa unashika jirani yake pande zote mbili. Juu yake bandika kipande cha kitambaa chepesi cha shashi.

Kitambaa ndicho ninachokaa nacho muda mrefu. Kitenge kifue mpaka wanga wa dukani uishe, kipige pasi, halafu kibandike karatasi nyembamba kwa nyuma kwa uji mwepesi wa unga wa ngano, la sivyo gundi itapenya na kuacha madoa. Hadithi moja ya marehemu anayerudi kudai tambiko niliivika kaniki niliyonunua soko la Mbuyuni, na mgongo nikauwekea ngozi ya mbuzi kutoka kwa fundi viatu, kingo zake nimezichonga kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Mama yangu alipoiona mezani hakutaka kuigusa.

Masika wageni hupungua, kwa hiyo napata muda, lakini hewa ina maji. Kitabu kilichojalidiwa hukaushwa chini ya uzito; Aprili moja nilivitoa vitatu baada ya siku moja tu, nikavipanga rafuni. Wiki iliyofuata vyote vilikuwa na ukungu wa kijivu. Sasa naviacha chini ya matofali siku tano, nabadilisha karatasi za kunyonya maji asubuhi na jioni. Weka jalada shavuni: likiwa la baridi kuliko meza, bado lina maji.

Rafu isiguse ukuta wa nje wala kupigwa jua. Selotepu usiiruhusu karibu, huacha doa la njano lisilotoka. Kitabu ukikikuta na wadudu, kifunge kwenye plastiki ukiweke kwenye friza wiki mbili.

Mwisho, kwenye karatasi ya nyuma andika tarehe, gundi uliyotumia, kitambaa kilitoka wapi, na chini yake: nakala 1 kati ya 1. Andika kwa penseli, maana wino ukipata maji husambaa.