Jinsi ya kununua upanga halisi wa Kijapani ukiwa Japani, na kuumiliki kihalali

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi yadi ya magari huku Nagoya aliniita kwake, kanunua wakizashi (upanga mfupi wa Kijapani) kwenye mnada wa onlaini, roho imemtulia, kumbe makaratasi hayajakaa sawa, tukakesha. Naandika ili mwenzetu mwingine asipite humo.

Kwanza elewa hivi. Japani hamna leseni ya mtu kumiliki upanga, kinachosajiliwa ni upanga wenyewe. Kila upanga una kadi yake inaitwa torokusho, na inatolewa na bodi ya elimu ya mkoa, sio polisi, kwa sababu sheria ya mwaka 1958 inauruhusu kama kazi ya sanaa. Mgeni ananunua kama mwenyeji tu. Ila upanga usio na torokusho ni silaha haramu, kukaa nao tu ni kosa, kwahiyo muuzaji akikwambia "kadi nitakutumia baadaye kwa posta" achana naye hapohapo.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Iaito ya mazoezi ni aloi, haina makali, haihitaji kadi. Upanga wa jeshi wa enzi za vita uliotengenezwa kiwandani hausajiliki kabisa Japani. Unaosajiliwa ni ule uliofuliwa kwa mkono kwa njia ya jadi. Wahunzi wa leo wanapata leseni baada ya uanafunzi usiopungua miaka 5, na hawaruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi, ndo maana upanga mpya bei yake inapaa na wakizashi ya miaka 300 mara nyingi inakuwa rahisi kuliko mpya. Mi namshauri kila anayeanza aanze na wakizashi.

Hatua ya 2: Usichanganye torokusho na cheti cha ubora

Torokusho inasema tu upanga huu upo kihalali. Haisemi ni mzuri, wala haithibitishi sahihi ya mhunzi iliyochongwa kwenye chuma, na sahihi feki ni nyingi mno, zimeanza karne na karne. Kwa hilo unataka cheti cha NBTHK, ile jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa, yenye makumbusho ya panga pale Ryogoku, Tokyo. Ngazi ya kwanza ni Hozon, inafuata Tokubetsu Hozon, juu yake Juyo. Msimamo wangu ni huu: kama huna macho ya kusoma chuma, nunua dukani upanga wenye Hozon, minada ya onlaini waachie wanaojua.

Hatua ya 3: Linganisha msuka na kadi KABLA hujalipa

Hapa ndo tulipokesha. Msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, Wajapani wanaita nakago, ndo kitambulisho cha upanga. Omba picha za msuka pande zote mbili na picha ya torokusho inayosomeka. Kadi ina namba, tarehe, mkoa, aina, urefu, mpindo, idadi ya matundu ya pini inayoshika mpini, na sahihi kama ipo. Tarehe ni za enzi za wafalme: Showa jumlisha 1925, Heisei jumlisha 1988, kwahiyo Showa 26 ni 1951.

Sasa urefu. Kadi za zamani haziandiki sentimita, zinaandika shaku, sun na bu. Shaku 1 ni sentimita 30.3, sun ni sehemu ya kumi ya shaku, bu ni sehemu ya kumi ya sun. Kadi ya yule kijana ilisema shaku 1 sun 7 bu 5, yaani sentimita 53. Yeye alipima kwa futi ya fundi cherehani, kafuata mpindo, kajumlisha na msuka, akapata 68, akaamini katapeliwa. Unapima mstari ulionyooka, kutoka ncha mpaka kile kikato kidogo cha mgongoni mwa upanga pale msuka unapoanzia, basi. Kupima upya ikatoka 53.

Tatizo la kweli lilikuwa matundu. Kadi inasema 1, msuka una 2. Inaweza kuwa kuna mtu alitoboa jingine baadaye alipobadilisha mpini, au inaweza kuwa kadi ni ya upanga mwingine kabisa, na hiyo ya pili ni kesi nzito. Tulipiga simu bodi ya mkoa ulioitoa kadi, wao wana rejista ya asili, wakasema lazima upanga ukaonekane kwa macho. Ukaguzi haufanyiki kila siku, una tarehe zake, na ni siku ya kazi, kwahiyo akaomba ruhusa, akaufunga vizuri kwenye mfuko na torokusho pembeni, akaenda. Wakaguzi wakaona tundu limeongezwa baadaye, kumbukumbu ikarekebishwa. Simu hiyohiyo angeipiga kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Toa taarifa ndani ya siku 20

Ukishaupokea una siku 20 kutoa taarifa ya kubadilika mmiliki. Inakwenda mkoa ULIOTOA kadi, sio mkoa unaoishi! Mi katana (upanga mrefu) yangu ya kwanza niliipeleka fomu mkoa ninaokaa, ikarudishwa, siku zikapita, nikaandika barua ya kujieleza. Ni bure, na mikoa mingi inapokea onlaini. Usingoje kadi mpya, jina lako haliandikwi kwenye kadi, kadi inabaki na upanga.

Hatua ya 5: Utunzaji

Usiguse chuma kwa vidole. Paka mafuta ya choji, yale ya kulinda chuma cha upanga, kidogo sana. Ule unga wa kusafishia upanga, uchiko, siupendi, unakwaruza, tumia spiriti safi na kitambaa laini. Kutu ya msuka usiisugue kamwe, ndo inayoonyesha umri.

Hatua ya 6: Kuutoa nje ya Japani

Unaomba cheti cha kusafirisha kutoka Wakala wa Utamaduni, kwa picha za upanga na torokusho yenyewe, ambayo unairudisha. Panga wiki kadhaa. Cheti kinadumu mwezi 1 tu, kwahiyo ulizia kwanza forodha na polisi wa huko unakoupeleka, na upate jibu la maandishi, ndo uombe. Usithubutu kuuchomeka kwenye gari linalopanda meli kwenda Dar au Mombasa. Na ukija kuurudisha Japani unaanza upya: unautangaza polisi pale unapoingilia, unapelekwa ukaguzi, ada ya usajili yen 6,300.