Somo: Maji yakifunga Jangwani, hasara ni shilingi ngapi?

Masika yakichachamaa Dar es Salaam, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na wa Kimara anayekwenda Kariakoo inabidi azunguke. Husemwa "hasara kubwa", basi. Tuipigie hesabu.

Hatua ya 1: Siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa inapotarajiwa kuzidi milimita 50 kwa saa 24. Anzia hapo: chagua siku iliyovuka kiwango hicho. Ilinganishe na siku kavu, Jumatatu kwa Jumatatu. Foleni ya kila siku usiibebeshe mvua.

Hatua ya 2: Muda. Hapa ndipo wengi hukosea: hupima mwendo wa magari, wakasahau kituo. Asubuhi moja ya mvua nilisimama Magomeni na daftari. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alipitwa na daladala sita, makondakta wakiikataa ndoo. Saa nzima ile haionekani popote ukihesabu magari tu. Hesabu watu, na dakika walizosubiri.

Hatua ya 3: Fedha. Namba za mfano: kipato cha 400,000 kwa mwezi, saa 200 za kazi, ni shilingi 2,000 kwa saa. Safari ya kwenda kazini hukadiriwa chini ya hapo, tuchukue nusu. Abiria 20,000 wakichelewa saa moja na nusu: 20,000 × 1.5 × 1,000 = shilingi milioni 30. Asubuhi moja, barabara moja.

Hatua ya 4: Vyombo. Ongeza mafuta ya kuzunguka, breki, springi, injini zilizoingia maji. Madereva watakutajia tripu walizokosa kabla hujamaliza kuuliza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, boda wa 2,000 akidai 5,000, ile 3,000 ni hasara?*
Kwa abiria, ndiyo. Kwa jiji, imehama mfuko tu. Andika mafuta na muda wa ziada. Ile 3,000 usiijumlishe.

*Shikamoo mwalimu. Na ambaye hakutoka kabisa?*
Marahaba. Huyo kituoni humpati; mfuate nyumbani maji yakipungua. Muulize mauzo ya siku kavu, toa mtaji wa bidhaa, kwa sababu nyanya zinaweza kuuzika kesho. Samaki wa yule mama hawangoji kesho: kama wameoza, andika na mtaji wake wote.